Kengele Ililia, Tukamtazama Bosi

Ilikuwa saa tano asubuhi, chai imeshanywewa na chakula cha mchana bado, kengele ya moto ilipoanza kulia kwenye ghorofa yetu. Haukuwa mlio wa kukatikakatika. Ulikuwa ule mrefu unaotoboa masikio. Mhasibu anayekaa mkabala nami aliinua kichwa, akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko, akarudi kwenye hesabu zake. Dada wa mapokezi akachungulia mlangoni. Mtu mmoja akasema, "Watakuwa wamewasha jenereta." Tukacheka kidogo, kile kicheko cha kujiliwaza.

Kisha, bila mtu kuagiza, macho yote yakaenda upande mmoja: kwenye kioo cha chumba cha bosi.

Bosi alikuwa kwenye simu. Alitunyooshea kiganja, kwamba subirini kidogo.

Tukasubiri.

Haukuwa moto. Fundi wa viyoyozi alikuwa anachomelea bomba ghorofa ya chini yetu na moshi ukapanda hadi kwenye kihisio. Kengele ikazimwa, msimamizi wa jengo akapita kuomba radhi, kazi zikaendelea. Ukiwauliza watu wa ofisini leo, wengi wameshasahau. Mimi mwenyewe usiku ule nililala vizuri. Ilikuwa baadaye, nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara, ndipo kitu kikanishika na hakijaniachia mpaka leo. Watu wazima, wenye watoto nyumbani na vyeti ukutani, tulikaa chini ya kengele ya moto tukisubiri ruhusa kutoka kwa mtu aliye kwenye simu.

## Kengele inayosema uongo

Kwanza nimtetee mhasibu.

Kwenye jengo letu kengele hulia umeme unapokatika na jenereta likashika zamu. Hulia fundi anapochomelea. Iliwahi kulia kwa sababu ya mdudu aliyeingia kwenye kihisio, na aliyetueleza hivyo hakuwa anatania. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakutuachia methali ya yule aliyeshtushwa na ung'ongo miaka yote, kisha siku ya nyoka akaukanyaga akidhani ni ule ule.

Lakini kuna jambo gumu kuliko mdudu. Nilimwona mhasibu ametulia, nikatulia. Yeye, alivyoniambia baadaye tukisubiri wali maharage, alituona sisi tumetulia, naye akatulia. Utulivu wa ofisi nzima ulikuwa wa kukopeshana, na hapakuwa na hata mmoja mwenye mtaji.

Halafu kuna kiherehere. Anayesimama wa kwanza na kukimbilia ngazi, ikija kujulikana ni fundi wa kiyoyozi, ataitwa "Zimamoto" mpaka siku anastaafu. Jina la utani la ofisini halifi. Nina hakika kabisa kwamba siku ile wapo waliotaka kuinuka, na kilichowaweka kitini hakikuwa imani kwamba hakuna moto. Walihofia kuchekwa.

## Dirishani

Wawili waliinuka, kusema kweli. Walikwenda dirishani. Walitaka kuona kama kuna watu chini wanaotazama juu, na ukifikiri vizuri si njia mbaya ya kujua kama unaungua.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipovuka mpaka wa Namanga hadi Nairobi.

Ijumaa ya 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani zilipolipuliwa kwa mabomu, wengi tunaikumbuka kwa idadi: watu 213 waliokufa Nairobi, 11 hapa Dar, na maelfu ya majeruhi. Mimi siku hizi zinanirudia sekunde chache kabla ya idadi hiyo. Walinzi wa ubalozi wa Nairobi walikataa kulifungulia geti lori lililobeba bomu. Ukasikika mlipuko mdogo, wa guruneti lililorushwa kwa mkono, pamoja na milio ya risasi. Katika maofisi ya jirani, saa nne na nusu hivi asubuhi, wafanyakazi waliinuka kwenye meza zao wakaenda madirishani kuona kuna nini.

Kisha likalipuka lile kubwa.

Majeraha mengi ya siku ile yalitokana na vioo. Watu walipoteza macho kwa sababu walikuwa wamesimama hasa pale ambapo mtu yeyote mwenye udadisi wa kawaida angesimama. Balozi wa Marekani, Prudence Bushnell, hakuwa ubalozini kwake. Alikuwa kwenye jengo la jirani, la Benki ya Ushirika, akikutana na waziri wa biashara. Ameeleza kwamba baada ya ule mlio wa kwanza watu chumbani waliinuka kuelekea dirishani, naye alikuwa wa mwisho kuinuka, hakuwa amepiga hatua nyingi. Aliishi.

Sasa nani atamlaumu aliyetangulia? Alisikia kelele nje, akaenda kutazama. Mimi ningekwenda.

Katika miaka yangu ya kazi nimehudhuria semina za rushwa mahali pa kazi, za mfumo mpya wa likizo, za kutunza siri za ofisi, na moja ya siku nzima kuhusu namna ya kujaza fomu ya posho. Sikumbuki hata siku moja mtu kuniambia: ukisikia mshindo nje, kaa mbali na kioo. Sentensi moja tu. Ingeweza kusemwa wakati wa kugawa soda.

## Ufunguo uko kwa msimamizi

Nilianza tabia iliyowachekesha wenzangu. Jioni nikawa nashuka kwa ngazi badala ya lifti.

Ngazi za mbele hazina shida, ila kila mlango mzito umewekewa tofali usijifunge. Milango ile ipo ili moshi usiingie kwenye ngazi, na moshi ndio unaoua kabla moto wenyewe haujakufikia. Tofali linaugeuza mlango kuwa pambo. Nilikuwa tayari kukasirika, mpaka nilipomwona mama anayetuletea chai akipita na sinia mikono miwili. Angeufungua mlango ule kwa kitu gani? Kwa meno? Aliyenunua milango hakumwuliza anayepita nayo.

Ngazi za nyuma ndizo zilizoninyima raha. Ghorofa ya sita kuna maboksi ya mafaili ya masijala, ya nne kuna viti vilivyovunjika na mashine ya fotokopi iliyokufa. Chini kabisa kuna mlango wa chuma. Juu ya mlango kuna kibao cha kijani chenye mtu anayekimbia. Kwenye mlango kuna mnyororo na kufuli.

Nilizunguka hadi mbele nikamsalimia mlinzi, mzee wa makamo ambaye kila siku hutuuliza habari za nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umechelewa."

"Ule mlango wa nyuma, ufunguo wake uko wapi?"

"Uko kwa msimamizi."

"Na msimamizi?"

"Ametoka kidogo."

"Ukitokea moto je?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mtoto. "Ukitokea moto mnapita huku mbele."

Si kwamba mnyororo ule uliwekwa na mjinga. Kabla haujawekwa, laptopu ziliibwa ghorofa mbili kwa usiku mmoja, na mwizi alitokea mlango huo huo. Baada ya kufuli wizi ukakoma, na aliyetoa wazo akasifiwa kikaoni. Nilikuwapo. Nilipiga makofi.

Tarehe 28 Januari 2009 supamaketi ya Nakumatt Downtown iliungua katikati ya Nairobi, mchana, watu wakiwa ndani wananunua vitu. Walikufa zaidi ya 25. Baada ya moto yakasikika madai mazito, kwamba milango ilifungwa kwa hofu ya watu kutoka na bidhaa bila kulipa. Nikisoma habari ile wakati huo nilijiuliza ni binadamu gani anayeweza kufikiri hivyo. Sasa najua kwamba si lazima afikiri siku hiyo ya moto. Inatosha awe amefikiri miezi sita nyuma, siku ya wizi, na ufunguo ukabaki mfukoni.

Tena msije mkadhani teknolojia imetuokoa. Mlango wetu wa mbele hufunguliwa kwa alama ya kidole. Nilimwuliza kijana wa mitambo: umeme ukikatika, unafunguka au unabaki umefungwa? Alinieleza vizuri. Kufuli la sumaku huachia umeme ukikatika, lakini letu lina betri ya akiba, kwa hiyo litaendelea kushika, labda liwe limeunganishwa na kengele ya moto ili kengele ikilia liachie lenyewe.

"Limeunganishwa?"

"Niangalie," akasema.

Yule mlinzi simlaumu, na hapa sikubaliani na wenzangu wanaosema tatizo ni walinzi wasio na elimu. Anayelinda mali na anayelinda watu ni mtu mmoja, sare moja, mshahara mmoja mdogo. Laptopu zikiibwa, kesho yake hana kazi. Watu wakikwama ngazini, itaundwa tume. Ungekuwa wewe, ungeacha mlango wazi? Yapo makomeo yanayofunguka kwa kusukumwa tu kwa ndani, hata kwa kifua, huku kwa nje mlango unabaki umefungwa. Yanauzwa hapa hapa mjini. Yakiwekwa, mzee yule hatalazimika kuchagua kati ya ajira yake na uhai wangu.

## Zoezi

Kila ninapolizungumza jambo hili kuna anayesema, "Basi tufanye zoezi la kushtukiza, tuone watu watafanyaje." Husemwa kwa macho yanayometa. Nami kwa muda nilikubaliana naye.

Mpaka nilipokumbuka Strathmore.

Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kilifanya zoezi la kujiandaa na shambulio la kigaidi. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, huko huko Kenya, lilikuwa mwaka ule ule, mwezi wa nne, watu 148 wakiwa wameuawa chuoni. Si ajabu chuo kingine kikataka kujiandaa. Milio ya risasi ikasikika. Wengi hawakujua ni zoezi. Watu wakaruka kutoka juu. Mfanyakazi mmoja akafa, wengine wengi wakaumia.

Alikufa kwa hatari ambayo haikuwapo.

Nimelifikiria hili kuliko yote mengine katika makala hii, maana ndilo lililonibadilisha msimamo. Nilikuwa naamini thamani ya zoezi ni kushtukizwa. Sasa naona kushtukizwa kunamfurahisha mwandaaji tu, anayesimama pembeni na saa ya mkononi. Zoezi ni la miguu. Miguu inapaswa kuijua njia, mkono uujue uzito wa mlango, mtu ajue kwamba ngazi za nyuma zinatokea uani kwenye jenereta na si barabarani. Hayo yote unaweza kuyajifunza ukiwa umeambiwa wiki nzima kabla, tarehe na saa, hata na rangi ya fulana ya msimamizi. Zoezi la kuigiza wavamizi wenye bunduki, kwa maoni yangu, lisifanywe kabisa ofisini kwa watu wasiojua. Watu wa ukanda huu tumeshaona ya kutosha, hatuhitaji kuigiziwa.

Upande wa pili kuna zoezi la karatasi, ambalo ndilo tulilo nalo wengi. Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na wakaguzi wa OSHA wanaoisimamia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo hukagua majengo. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto, zinazotaka zoezi angalau mara moja kila mwaka. Basi mwaka unapokaribia kwisha, tunashushwa chini kwa lifti (kwa lifti!), tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunapigwa picha mbele ya kibao cha eneo la kukusanyika, tunapanda tena kwa lifti. Picha inakwenda kwenye faili. Mkaguzi akija, faili linasema tuko salama.

Kwa wasiojua kwa nini nimeishangaa lifti: moto unaweza kukata umeme mkabaki katikati ya ghorofa mbili, na shimo la lifti hupitisha moshi vizuri mno. Ndiyo maana kuna kile kibandiko karibu na vitufe. Kipo, kimefifia.

## Kengele moja, hatari nyingi

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na sitadanganya kwamba nimekwamuka.

Mwanzoni nilidhani jibu ni moja: kengele ikilia, toka. Lakini Jumanne ya 15 Januari 2019, alasiri, wavamizi walipoingia kwenye majengo ya DusitD2 huko Riverside Drive, Nairobi, mahali penye hoteli na ofisi nyingi, kutoka mbio hakukuwa jibu la kila mtu. Waliokuwa karibu na njia salama walikimbia. Wengine walijifungia ofisini na vyooni, wakazima sauti za simu, wakaandikia ndugu zao ujumbe wakiwa chini ya meza. Saa zilipita usiku kucha. Waliuawa watu 21, na zaidi ya 700 wakatolewa salama. Miongoni mwao wamo waliookoka kwa sababu walikaa kimya nyuma ya mlango uliofungwa. Mlango uliofungwa, ule ule nilioulalamikia hapo juu.

Na tetemeko? Sisi wa Dar tunaukumbuka usiku wa 12 Agosti 2020, tulivyotoka na kanga na bukta tukasimama barabarani tukiulizana kama nawe umeisikia. Ingekuwa mchana, tuko ghorofa ya tisa, kukimbilia ngazi wakati jengo bado linatikisika ni kujitafutia kuanguka. Unaingia chini ya meza imara, unasubiri litulie, ndipo unatoka. Bukoba mwaka 2016 ilikuwa mchana.

Kwa hiyo moto unasema toka, risasi zinasema ama kimbia ama jifiche, ardhi inasema ingia chini ya meza. Kengele yetu inasema neno moja tu kwa yote: piii.

Inahitaji sauti ya mtu. Jengo letu lina spika kwenye korido. Kila Desemba hupiga nyimbo za Krismasi. Kipaza sauti kiko mapokezi, mkononi mwa dada wa miaka ishirini na kidogo aliye kwenye mkataba wa muda. Yeye ndiye anayeona lango, kamera na simu za nje. Katika jengo zima hakuna anayejua mapema kuliko yeye. Nikamwuliza, siku ikitokea, utatangaza?

"Nitampigia kwanza meneja," akasema. "Siwezi kutangaza kitu bila ruhusa, kaka. Nikikosea?"

Nikamwelewa kabisa. Ni swali lile lile lililotuweka sisi vitini.

## Alichosema bosi

Nilichukua muda kwenda kuzungumza na bosi. Nilijiandaa kwa hoja, nikachagua siku ambayo hesabu za mwezi zimeshafungwa, nikaanza mbali kama inavyotakiwa. Nikamkumbusha siku ya kengele. Nikasema kwa adabu zote kwamba sisi tulikuwa tunamsubiri yeye.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mimi nilikuwa nawasubiri ninyi."

Alikuwa na mteja wa nje ya nchi kwenye simu, mstari mbaya, anaisikia kengele kwa sikio moja. Akatazama nje ya kioo kuona hali. Akaona watu wote wamekaa. Akajiambia, kungekuwa na jambo wangekuwa wamesimama hawa. Ndipo akatunyooshea kiganja.

Nimeligeuza hilo kichwani kila upande. Muda wote nilikuwa na picha ya ngazi ya madaraka: juu kuna anayejua, chini kuna wanaosubiri kuambiwa. Kumbe juu palikuwa na mtu anayesoma migongo yetu, kama sisi tulivyokuwa tunausoma mkono wake.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, alisema mbele ya wote: "Kengele ikilia, msinisubiri. Nikiwa kwenye simu, niacheni na simu yangu. Atakayetoka na ikawa si kitu, sitaki kusikia anachekwa." Akamgeukia dada wa mapokezi. "Nawe ukiona jambo, tangaza. Ukikosea, nimekosea mimi."

Baadhi walicheka. Mhasibu aliandika kwenye daftari lake, na mhasibu haandiki ovyo.

Kama maneno yale yatashinda hofu ya kiherehere siku yenyewe, sijui kwa kweli. Ruhusa iliyotolewa asubuhi yenye chai si sawa na miguu kuinuka. Ila hakuna kingine katika jambo hili kisichogharimu hata shilingi, na kilikuwa kimekaa mdomoni mwa mtu mmoja miaka yote hiyo.

Mnyororo wa mlango wa nyuma umepelekwa "ngazi husika". Maboksi ya masijala yamehamishwa kutoka ghorofa ya sita. Yako ya tano.

## Orodha

Tukishatoka, nani anatuhesabu?

Nimechaguliwa (ndiyo malipo ya anayeuliza maswali) kuwa mmoja wa wenye fulana za rangi ya chungwa. Kazi yangu ni kusimama kwenye eneo la kukusanyika na orodha. Nikaiomba orodha kutoka utumishi. Nikaletewa ya mishahara.

Mama wa chai hayumo. Wafanya usafi hawamo, wameajiriwa na kampuni ya nje. Walinzi hawamo, ni wa kampuni nyingine. Vijana wa mafunzo kwa vitendo hawamo kwa sababu hawalipwi. Waliomo ni pamoja na mwenzetu aliye masomoni na mwingine aliyefariki mwaka jana, Mungu amrehemu, ambaye mafao yake bado yanashughulikiwa.

Wageni wako kwenye daftari la mlinzi. Wanaandikwa kuingia: jina, anakotoka, anamwona nani, saa. Sehemu ya saa ya kutoka iko tupu ukurasa baada ya ukurasa. Kwa mujibu wa daftari lile, jengo letu bado lina mawakala wa bima walioingia tangu Ramadhani.

Hesabu ile si ya kujifurahisha. Askari wa zimamoto akifika atauliza swali moja: kuna mtu ndani? Ukimjibu "sidhani", atamtuma kijana wa watu apande kwenye moshi kumtafuta mtu ambaye huenda yuko nyumbani Mbagala. Ukimjibu "hakuna", na mama wa chai yuko jikoni ghorofa ya tisa, basi. Na kabla hata hajafika, lazima awepo aliyempigia. Namba ni 114. Nimeuliza ofisi nzima nani ataipiga, na kila mtu akaniambia atapiga mwingine. Sasa imeandikwa: ni dada wa mapokezi, na asipokuwapo ni mlinzi wa zamu, kwa simu ya ofisi, si kwa salio lake.

Orodha mpya ninaiandika kwa mkono kila asubuhi. Watu wa utumishi hawaipendi kwa sababu haina namba za ajira.

## Magongo

Kuna mwenzetu anayetembea kwa magongo. Kila mwaka picha ya zoezi inapopigwa yeye hayumo. Huwa anaambiwa abaki ofisini asisumbuke. Nilipomfuata na fulana yangu ya chungwa, alikuwa na majibu tayari, inaonekana alishalifikiria jambo hili miaka mingi kabla yangu.

"Lifti haitumiki, sivyo? Basi nitakwenda kwenye ngazi za mbele, pale kwenye kibaraza kipana, nifunge mlango nyuma yangu. Moshi hautaingia haraka, mkiondoa lile tofali. Nitakaa hapo wapite wanaokimbia, nisije nikawa kizuizi. Halafu wawili wanishushe kwenye kiti. Si lazima wawe na nguvu sana, nitawaonyesha pa kushika. Ila nataka kuwajua majina. Sitaki kuambiwa 'tutakusaidia'. Nani?"

Tulipata wawili, kijana wa mitambo na dereva wa ofisi. Tulifanya jaribio Jumamosi moja, ghorofa mbili kwenda chini, yeye mwenyewe akitoa maelekezo na kuwakemea wasimkimbize. Aliwaambia mgongo wa kiti ubaki upande wa juu, miguu yake itazame chini, wa mbele arudi kinyumenyume. Kufikia ghorofa ya saba walikuwa wameshika mwendo.

Tofali la ghorofa yetu limeondolewa. Mama wa chai amepewa toroli, analisukuma na mlango unafunguka kwa toroli.

Dereva amehamishiwa Dodoma mwezi uliopita. Ninatafuta wa pili.